Dizeli Ndogo katika Mashua ya Tanga

Zama za misafara, kila kitu kilichotoka pwani kwenda Ujiji kilipimwa kwanza kwa bega la mpagazi. Mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikuwa frasila 2, yaani ratili 70 hivi, na Mnyamwezi aliyejitwika mzigo huo Bagamoyo alitembea takriban miezi mitatu kabla ya kuutua Tabora, mahali ambapo misafara ilipumzika, ikaajiri wapagazi wapya, kisha ikaachana, huu ukishika njia ya Karagwe na ule njia ya Ujiji. Mtambo mdogo wa dizeli wa nguvu za farasi 20, wa namna ifungwayo siku hizi katika mashua ya tanga, una uzito wa kilo 130 hivi, ambao kwa hesabu ya zamani ni mizigo minne. Lakini bloku ya chuma haigawanyiki kama majora ya merikani, na lau wazee wetu wangalitakiwa kuichukua, wangaliifunga katika mti na kuipeleka kwa mzegazega, kama walivyozipeleka pembe za ndovu zilizoshinda bega la mtu mmoja. Ziwa Tanganyika liko mwisho wa njia ndefu, na njia hiyo, kuliko sifa zote anazozitoa muuzaji, ndiyo inayoamua mtambo gani ufungwe katika chombo na nani aweze kuutengeneza.

Vyombo vilikuwa haba. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1882 wamisionari wa London walianza safari kutoka Saadani na mashua ya chuma, jina lake Morning Star, iliyofunguliwa vipande vipande na kupakiwa juu ya mikokoteni, ikasukumwa na kuvutwa milimani na vinamasini hata Ujiji. Ikaja kisha meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na ziwani mwaka 1914.

Wasimulizi wa meli hiyo hupenda kueleza vita vyake. Mimi hupendezwa zaidi na shahamu yake. Julai 1916, adui walipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, na mafundi waliopewa amri hiyo, badala ya kuivunja mitambo, waliipaka shahamu nzito kila mahali palipokuwa na chuma kinachosuguana, ndipo wakaiacha ishuke. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya miaka mingi chini ya maji, mitambo ilionekana ingali ya kufaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipofungwa dizeli, na dizeli hizo nazo zikabadilishwa mwaka 1993. Mwenye mashua anayekusudia kuiweka nchi kavu kwa miezi kadhaa, naye akauacha mtambo wake na oili chafu ndani na maji katika mabomba, angefaa kuisikia habari hii.

Dizeli yenyewe ni mtambo mwepesi kuufahamu. Rudolf Diesel, aliyeusimamisha wa kwanza uliofaulu huko Augsburg mwaka 1897, na ambaye mwenyewe alitoweka kutoka melini usiku mmoja wa Septemba 1913 akivuka kwenda Uingereza, aliona kuwa hewa ikibanwa sana huwa moto. Ndani ya silinda pistoni huibana hewa mpaka ibaki katika takriban sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya awali, joto likapita nyuzi 500, na hapo nozeli hupuliza mafuta kwa nguvu kama ukungu, yakawaka bila plagi wala cheche. Matundu ya nozeli ni membamba sana. Kwa hiyo maradhi mengi ya dizeli hayatoki katika mtambo; hutoka katika dumu.

Mafuta yanayouzwa ufukoni aghalabu yamepita katika mapipa na madumu mengi, na tangi likikaa nusu tupu hutoa jasho ndani usiku wa baridi, matone yakateremka na kutulia chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Ndiyo sababu ya kuwapo kikombe cha kioo chini ya chujio la kwanza. Baharia mwangalifu hukitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha: dizeli ikiwa juu na mstari mweupe wa maji chini yake, hulegeza kizibo, akayamwaga maji mpaka yatoke mafuta matupu, akakaza. Akibadilisha chujio, hewa huingia katika mabomba, na hewa, maadamu hubanika, huizuia pampu kusukuma mafuta. Hapo hulegezwa skurubu iliyo juu ya chujio, mkono wa pampu ukapigwapigwa, povu likatoka, kisha mafuta safi yasiyo na kiputo, skurubu ikakazwa. Halafu hivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho kwenye nati za nozeli huku mtambo ukizungushwa. Mafundi huita kazi hii kutoa upepo. Asiyeijua hana haki ya kung'oa nanga.

Kufunga mtambo mpya mahali pa wa zamani ni kazi ya seremala kabla ya kuwa kazi ya makanika. Magogo unayokalia mtambo, yaliyoungwa na mataruma juu ya mkuku, huwa yamenywa oili kwa miaka, na pengine msumari huingia kwa kidole. Yakiwa hivyo, yang'olewe, yatiwe mengine ya mbao ngumu. Kisha huja kunyoosha. Uso wa kaplingi ya gia na uso wa kaplingi ya shafti lazima zitazamane sawasawa, na fundi huingiza baina yake kibamba chembamba cha kupimia, juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, hurudi kwenye nati za miguu ya mtambo na kuanza upya. Nao upimaji wa mwisho hufanywa chombo kikiwa majini, kwa sababu mashua ya mbao ikiwa juu ya magogo ufukoni hupinda kidogo, na ikielea hurudi umbo lake. Haraka hapa hulipwa kwa beringi iliyokwisha na maji yanayoingia ngamani.

Wengi hutaka nguvu kubwa. Hawajui kuwa chombo kinachopasua maji kina mpaka wake: mashua ya futi 30 majini haipiti maili 7 na kidogo za bahari kwa saa, na farasi utakaozidisha watazamisha tezi tu na kula mafuta. Fauka ya hayo, ziwa liko mita 773 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo, na mtambo hupoteza nguvu kidogo, jambo linalofaa kukumbukwa wakati wa kuchagua rafadha. Rafadha ikiwa kubwa mno, moshi huwa mweusi kwa kulemewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe ambao hauishi baada ya mtambo kupata moto, ni dizeli isiyowaka au maji yaliyoingia silindani.

Mtambo wa chombo cha tanga una udhia wake wenyewe. Upepo ukiwa mwema hulala, na ukiamshwa ni kwa dakika chache za kuingia bandarini, ukazimwa kabla haujapata joto, masizi yakajijenga. Bora uendeshwe kwa mzigo nusu saa nzima. Bomba la moshi lipandishwe juu ya mstari wa maji kabla ya kuteremka kutoka nje, ili wimbi lisirudi silindani chombo kinapolala upande. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo si adui wa chuma kama ya Unguja, lakini impela ya mpira inayoyavuta hukatika mara moja ikizunguka kavu. Oili ibadilishwe kila baada ya saa 100, na ya kwanza kabisa baada ya 50.

Basi mtu akiniuliza anunue upi, humwambia aulizie kwanza Kigoma ni mtambo gani ambao mafundi wa pale wanaufungua bila kusoma kitabu, na nozeli zake zinapimwa wapi; upya wa mtambo uje baadaye. Anunue pamoja nao gaskiti seti nzima, impela mbili, vyujio vya mwaka na nozeli moja ya akiba. Tena aandike KIGOMA kwa rangi pande zote nne za kasha, kwa kuwa Tabora ndipo reli ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, na mtambo uliokwenda Ziwa Viktoria kwa makosa haurudi kesho.