Gia za feleji: Kabla ya kufungua mfuko, hesabu meno

MASHINE ya kuchanganya lishe ya mifugo inapouzwa katika karakana ya jua kali, mnunuzi hutazama rangi, huuliza nguvu ya mota na kugonga bati kwa kidole. Ni nadra kumpata anayeinama kuhesabu meno ya gia. Meno mawili yanapong'oka wiki chache baadaye, mfugaji hubaki na magunia ya mahindi yaliyopondwa, kuku wenye njaa na fundi anayeapa kwamba gia aliyoitia ilikuwa ya chuma kizito. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda.

Aghalabu kosa halimo katika chuma pekee, bali katika uteuzi. Gia inayozungumziwa hapa ni ile ya meno yaliyonyooka, ambayo meno yake hulala sambamba na mhimili. Hupendwa na mafundi kwa kuwa ni rahisi kuchonga, na tofauti na gia ya meno ya mshazari, haisukumi mhimili wake upande mmoja. Ila yake ni kelele, hasa inapokwenda kwa kasi.

Jambo la kwanza ni kujua mzigo. Tuchukue mfano wa mota ya kilowati 2.2, yaani nguvu za farasi 3, inayozunguka mara 1,430 kwa dakika. Ili kupata nguvu ya msokoto, zidisha 9,550 kwa kilowati, kisha ugawe kwa mizunguko hiyo. Jawabu ni takriban nyutoni-mita 14.7. Kasi hiyo haifai kuchanganya lishe, hivyo basi mkanda na puli huipunguza mara nne hadi mizunguko 357 hivi, kisha gia huipunguza mara tano zaidi, hadi 71.

Hapa ndipo wengi hughafilika. Kasi inapopungua, nguvu ya msokoto huongezeka kwa kiasi kicho hicho. Tukipuuza hasara ndogo ya mkanda, gia ndogo hupokea nyutoni-mita 59. Ikiwa kipenyo chake ni milimita 80, meno yake husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji ikining'inia kwenye jino moja au mawili. Isitoshe, mota inapowashwa moja kwa moja huweza kutoa msokoto unaozidi maradufu ule wa kawaida. Ndiyo maana fundi mwangalifu huuzidisha mzigo mara mbili kabla ya kuchagua gia.

Jambo la pili ni ukubwa wa jino, ambao wahandisi huupima kwa moduli. Moduli ni kipenyo cha duara ambamo gia mbili hukutania, kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Gia ya meno 20 yenye moduli 4 ina kipenyo cha milimita 80, na mwenzake wa meno 100 ana milimita 400. Jumlisha vipenyo hivyo, ugawe kwa mbili, nawe utapata umbali baina ya mihimili: milimita 240. Kosa la milimita moja katika kutoboa fremu latosha kuharibu kazi nzima.

Gia mbili haziwezi kuoana ila ziwe na moduli moja na pembe moja ya msukumo. Pembe iliyozoeleka siku hizi ni digrii 20, ingawa mitambo mingi ya zamani ilitumia digrii 14.5. Aidha, gia zilizochongwa kwa vipimo vya Uingereza vya inchi hazifuati moduli. Gia ya vipimo hivyo yenye meno manane kwa kila inchi ya kipenyo ni sawa na moduli 3.175. Machoni inafanana na ya moduli 3, lakini nafasi kati ya jino na jino hutofautiana kwa zaidi ya nusu milimita. Ukizilazimisha kukaa pamoja, zitatafunana.

Basi mtu atajuaje moduli ya gia kuukuu anayotaka kuibadilisha? Apime kipenyo cha nje, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la mkabala, kisha agawe kwa idadi ya meno ikiongezwa mbili. Gia ya meno 20 yenye kipenyo cha nje cha milimita 88 ina moduli 4, kwa kuwa 88 ukigawa kwa 22 ni 4. Jawabu likikaribia 3.175 au 4.233, huenda gia hiyo ni ya inchi.

Jambo la tatu ni idadi ya meno. Kwa pembe ya digrii 20, gia ya kawaida yenye meno pungufu ya 17 hukatwa shina la jino wakati wa kuchongwa, nayo hudhoofika pale pale inapohitaji nguvu. Ni heri pia idadi za meno zisigawanyike kwa kigawo kimoja. Gia ya meno 20 ikikutana na ya 100, kila jino hurudia kugusana na wenzake wale wale watano daima, na jino lenye dosari huwaumiza hao hao. Ukichagua 101 badala ya 100, meno hubadilishana zamu na kulika sawasawa. Kasi hubadilika kidogo mno, almuradi umbali wa mihimili uongezwe hadi milimita 242.

Upana wa jino nao hufuata moduli, kwa kawaida kati ya mara 8 na 12. Kwa moduli 4, milimita 40 zafaa. Katika mfano wetu, moduli 3 yenye upana wa milimita 30 ingeweza kustahimili bila kuvunjika. Hata hivyo, uso wa meno yake ungebanwa kupita kiasi, ukaanza kutoboka vishimo na kubanduka. Gia hufa vifo viwili, kuvunjika shina na kuchakaa uso, na anayekinga kimoja tu hajakinga.

Tukija kwa chuma chenyewe, feleji zote si moja. Chuma laini cha kutengenezea madirisha na malango hakifai gia yenye mzigo, maana hulika upesi. Feleji ya kaboni ya wastani, ambayo wauzaji huiita EN8, hutosha kwa kazi nyingi, hasa ikipashwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili ikaze. EN24, iliyochanganywa na nikeli, kromi na molibdeni, ni imara zaidi na bei yake ni juu. Gia ndogo ndiyo ya kupewa chuma kigumu zaidi: katika mfano wetu, kila jino lake hufanya kazi mara tano huku jino la gia kubwa likifanya mara moja.

Tahadhari pia na tabia ya kujaza jino lililovunjika kwa kuchomelea. Feleji ya kaboni ya wastani ikichomelewa bila kupashwa moto kwanza, sehemu iliyo kandokando ya mchomeleo huwa ngumu lakini dhaifu kama kigae. Jino hilo litang'oka tena, safari hii pengine pamoja na jirani yake.

Wakati wa kufunga gia, acha mwanya mdogo baina ya meno. Mafundi wa tangu zamani hupitisha ukanda wa karatasi kati ya gia, huzibana, hukaza nati, kisha huuzungusha utoke. Karatasi ikitoka imekunjika bila kuchanika, na alama zikiwa zimeenea upana mzima wa jino, mihimili imelala sambamba. Katika vumbi la lishe, gia zifungiwe ndani ya kasha lenye mafuta, kwani grisi iliyo wazi hukusanya unga na kugeuka msasa.

Kasha hilo lina faida nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za mitambo zinazozunguka zikingwe, na gia iliyo wazi haitofautishi nyasi na kidole cha mtoto. Kwa hivyo kabla ya kulipa, muulize fundi maswali manne: moduli ni ngapi, meno ni mangapi, feleji ni ya aina gani, na kifuniko kiko wapi? Akibabaika katika la mwisho, usiwashe mashine hiyo.