Cedar-Riverside, Mtaa wa Wageni

Kila Agosti wanafunzi wapya huniuliza: tupange wapi hapa Minneapolis? Mimi nakaa Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa yenye vibao vyekundu, vya njano na vya buluu. Wacha nieleze, maana wengi wanautisha mtaa huu bila kuujua.

Uko kando ya mto Mississippi, upande wa magharibi, karibu kabisa na katikati ya jiji. Treni ya mjini ilianza kusimama hapa 2004. Kwenda ng'ambo ya chuo unavuka daraja la Washington Avenue: magari chini, waenda kwa miguu juu, na katikati kuna njia iliyofunikwa. Usicheke. Upepo wa mtoni mwezi wa Januari utakufanya umwombee dua aliyeijenga.

Utasikia eti Wasomali "wameuvamia" mtaa. Huo ni uongo mtupu! Karne ya 19 ulijaa watu wa Sweden, Norway na Denmark, nao pia hawakujua Kiingereza. Ukumbi wa Wadenmark, Dania Hall, ulijengwa 1886 ukaungua 2000. Wasomali na Waoromo walianza kuja kwa wingi miaka ya 1990. Haya maghorofa yenyewe, ya msanifu Ralph Rapson, yalikamilika 1973. Yalikusudiwa kuwa mwanzo tu wa mji wa watu kama 30,000, lakini wakazi walikwenda mahakamani na mpango ukafa. Tangu 2010 yamo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Sasa mambo ya mkataba. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba akurudishie dhamana, au akueleze kwa maandishi kwa nini ameikata, ndani ya wiki tatu baada ya kuhama. Basi mwachie anwani yako mpya, na piga picha za chumba siku ya kuingia. Kuanzia Oktoba hadi Aprili joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 20 hivi.

La mwisho ndilo zito. Novemba 2019 moto uliua watu watano katika ghorofa la umma hapahapa mtaani; kwenye vyumba vya watu hakukuwa na vinyunyizio vya maji darini. Kabla ya kutia sahihi, inua macho utazame dari. Halafu uliza ngazi za dharura ziko wapi, uzishuke mwenyewe mpaka chini.