Kina cha Sarafu Kina Nyuso Mbili

Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua Mtambwe Mkuu, upande wa Pemba unaoitazama Tanga ng'ambo ya bahari, wakapata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo mithili ya ukucha. Hazina sura ya mfalme wala mnyama. Mapambo yake ni maandishi ya Kiarabu, na mtu anayezitazama haraka atasema ni nakala za sarafu za Wafatimi waliotawala Misri. Mimi naona hapo pana kazi ya watu wa pwani yetu wenyewe, na ushahidi wangu ni vina.

Chukua sarafu ya mtawala Ali bin al-Hasan. Uso mmoja una jina lake. Igeuze, utasoma kwamba anamtegemea Mola wa neema, "al-minan". Hasan, minan: nyuso mbili zinakamilishana kama vipande vya mshororo. Sasa nenda kwenye sarafu za shaba za al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Silabi ya mwisho ya jina lake ina irabu ndefu, Sulaimaan, na kwa jina hilo "minan" isingekaa sawa sikioni. Sarafu zake zinamtaja Mungu kwa sifa nyingine, "al-Mannaan", Mwingi wa kutoa. Aliyenakili tu asingehangaika na urefu wa irabu! Dalili nyingine kwamba si nakala tupu ni kuwa sarafu hizi kwa kawaida hazitaji mwaka, ingawa sarafu za Kiislamu za kwingineko zilikuwa na desturi ya kuutaja. Hata kama umbo lilitoka ng'ambo, maneno yalibidi yatungwe hapa, kwa ajili ya jina la mtawala wa hapa.

Atasema mtu kwamba wauza samaki na mabaharia hawakujua kusoma Kiarabu, basi kina kilikuwa cha nani? Hoja hiyo ina uzito, lakini kina ni mali ya sikio. Akisoma mmoja kwa sauti, kumi wanaweza kukishika, na jina la sultani likatembea pamoja na shaba yake. Mojawapo ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman ilifika hadi Zimbabwe Kuu.

Ndiyo maana inasikitisha kuona sarafu ya namna hii imelazwa ndani ya kabati la makumbusho, uso mmoja juu, mwingine umefichwa. Hapo mtazamaji anapewa nusu ya kina. Kioo kidogo kikiwekwa chini yake, ataiona na nusu ya pili.