Kuhamisha Mashine Nzito

Mazungumzo ya leo ni juu ya kazi ambayo wengi huidhani kuwa ya nguvu tu, nayo ni kuhamisha mashine nzito za karakana. Tumeichagua habari hii kwa sababu tuliona kwa macho yetu mashine ya namna hiyo ikimvunja mtu mguu.

Ilikuwa hivi. Mashine ya kukerezea chuma ililetwa kwa lori katika shule moja ya ufundi. Urefu wake ulipata futi sita, kimo chake kilifika kifuani, na uzito wake ulipita tani moja. Wanafunzi wapatao thelathini walikusanyika. Mbao mbili ziliegemezwa nyuma ya lori, kamba ikafungwa juu ya mashine, na wimbo wa kazi ukaanza. Sisi walimu tulisimama kando tukiufurahia umoja ule. Mara ubao mmoja ukapinda, na mashine ikaanza kulala upande, polepole, kama mti uliokwisha kukatwa shina. Kijana mmoja mwenye moyo mwema akanyosha mikono aizuie. Watu thelathini waweza kuivuta tani moja, lakini ikisha kuanza kuanguka hapana mkono uwezao kuirudisha. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa letu sisi, tuliofundisha habari za mizani ubaoni kisha tusizikumbuke uwanjani.

Tuitazame mashine yenyewe. Ina kitanda kirefu cha chuma cha kusubu, kilichosimama juu ya miguu. Juu ya kitanda, upande wa kushoto, pana kichwa chenye magurudumu ya meno na mhimili unaozungusha chuma kinachokerezwa. Kichwa hicho ni kizito sana. Kwa hiyo uzito wa mashine hauko katikati ya urefu wake, bali umevutwa upande wa kichwa. Tena uko juu, na miguu yake imekaribiana. Simamisha kitabu kinene mezani kwa ukingo wake, ukisukume kidogo kwa kidole. Kitainama na kurudi. Ukizidisha kidogo tu, hakirudi tena. Uzito wake umekwisha kupita nje ya mahali kinapokanyaga, na toka hapo uzito ule ule uliokuwa ukikisimamisha ndio unaokiangusha.

Baada ya siku tatu alikuja mzee mmoja, fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, pamoja na watu wanne tu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wanangu, asiye na kazi hapa aende kando, hata ukuta ule." La pili hakulisema, alilitenda: alitembea njia nzima toka mashine ilipolala hata mahali ilipotakiwa, akapima mlango, akagongagonga sakafu, akaondoa kila kokoto.

Kisha akafungua na kuondoa kila kilichoweza kuondolewa: mota, sehemu ya mkiani, na kishikio kizito cha mbele ya kichwa. Mtu asione kwamba ni kupoteza wakati. Meli ya Liemba, iliyo maarufu katika Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapelekwa Kigoma, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Hapana aliyejaribu kuikokota nzima.

Ili kupitisha kamba chini ya mashine, mzee alitumia mtaimbo. Hesabu yake ni nyepesi. Mtaimbo wa inchi 60 ukiegemezwa juu ya kigogo kilicho inchi 3 kutoka ncha iliyo chini ya mzigo, mkono wako uko inchi 57 upande wa pili, yaani mara 19. Ukikandamiza kwa uzito wa ratili 50, ncha huinua ratili 950. Lakini mkono ukishuka inchi 19, mzigo hupanda inchi 1 tu, na hapo ndipo palipo hatari kwa mwenye haraka. Kila inchi iliyopanda, mzee aliijazia kipande cha ubao, ili mtaimbo ukiteleza mashine isiwe na pa kuangukia. Vipande hivyo alivisukuma kwa fimbo. Mkono wa mtu haukuingia chini hata mara moja.

Aliisimamisha kwa roda ya mnyororo iliyotundikwa juu ya miguu mitatu ya chuma. Kamba alizipitisha chini ya kitanda, wala si kwenye mhimili wala kwenye parafujo ndefu iliyo ubavuni, kwani parafujo ikipinda mashine haitakata tena kwa usahihi. Tena hakukubali kamba zitanuke sana. Kamba mbili zikikutana juu kwa pembe ya digrii 120, kila moja hubeba uzito mzima wa mzigo, si nusu yake. Zikizidi kutanuka, hubeba zaidi ya uzito mzima. Wengi huona kamba imekatika wakailaumu kamba.

Mashine iliposimama, miguu yake ilikazwa kwa parafujo juu ya magogo mawili mapana kuliko miguu yenyewe, ili mahali pa kukanyaga papanuke. Chini ya magogo yaliwekwa mabomba manne ya chuma. Watu wawili walisukuma, wakisukuma chini, si juu. Wa tatu alichukua kila bomba lililotoka nyuma na kulitanguliza mbele, akilishika kwa nje, kwa kuwa kidole kilichotiwa ndani ya bomba hukatwa. Palipokuwa na mteremko, mtu wa nne alizungusha kamba mara mbili katika nguzo iliyochimbiwa imara, akailegeza kidogo kidogo. Msuguano wa kamba na nguzo ulimwezesha mtu mmoja kuzuia kilichowashinda thelathini. Upande wa chini wa mteremko hapakuwa na mtu.

Kazi ilianza saa moja asubuhi, na kabla ya saa nane mashine ilikuwa mahali pake. Hata hivyo haikuwashwa. Mzee aliweka pima maji juu ya kitanda, kwa urefu na kwa mapana, kichwani na mkiani, akatia vibati vyembamba chini ya miguu hata yote ikakaa sawa. Kitanda kilichopindika, hata kwa unene wa karatasi, hukereza chuma kikawa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Akapangusa vumbi, akatia mafuta, akazungusha mhimili kwa mkono mara kadha wa kadha huku ametega sikio, ndipo akaruhusu ukanda utiwe.