Pedi za breki kuisha upande mmoja: kazi ya bushi za kalipa kwa magari ya nchi za milima

Pedi mbili za gurudumu moja, zilizonunuliwa katika boksi moja na kufungwa siku moja na fundi yule yule, huweza kufunguliwa baada ya miezi kadhaa zikiwa na hali mbili tofauti: moja imebakia nene, nyingine imekwisha hadi kwenye chuma. Mara nyingi lawama humwangukia muuza vipuri, na mwenye gari hununua pedi nyingine. Baada ya muda mfupi tatizo hurudi, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa pedi.

Tatizo hili linazigusa nchi zote za ukanda huu. Magari mengi yanayotembea Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na mashariki mwa Kongo yaliwahi kutumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini. Vipuri vyake huuzwa Gerezani jijini Dar es Salaam, katika soko la Kisekka jijini Kampala na kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Gari likishafika, hukutana na vumbi, matope na miteremko mirefu, kama ule wa Sekenke mkoani Singida, au ule wa kutoka Bugarama kushukia Bujumbura.

Kalipa inavyofanya kazi

Katika magari mengi madogo, breki ya mbele ni diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na kalipa inayoikumbatia diski hiyo kwa pedi mbili. Kalipa hiyo huwa na pistoni upande wa ndani tu. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani kwenye diski. Pedi ya nje haina pistoni ya kuisukuma. Inachoitegemea ni mwili wa kalipa wenyewe, ambao hujivuta kuelekea ndani na kuja na pedi hiyo mpaka iguse diski.

Ili kalipa ijivute hivyo, hutelezea juu ya pini mbili za chuma. Pini hizo hukaa ndani ya matundu yaliyopakwa grisi, na midomo ya matundu hufunikwa na mipira laini ya kuzuia vumbi na maji. Katika aina kadhaa za magari, pini moja huwa na bushi ndogo ya mpira kwenye ncha yake, ili kalipa isigongegonge barabarani. Katika magari mengine, yakiwemo baadhi ya BMW, pini hupita ndani ya bushi ndefu za mpira.

Mwendo wa kalipa ni mdogo sana, lakini breki yote imeegemea hapo. Pini ikikwama, pedi ya ndani hubeba kazi ya pedi mbili na kuisha haraka. Kalipa ikishindwa kurudi baada ya dereva kuachia breki, pedi huendelea kuisugua diski safari nzima. Na bushi ya mpira ikichoka, kalipa hukaa mshazari, na pedi huliwa ncha moja kuliko nyingine, mfano wa kabari.

Kinachoziharibu

Adui wa kwanza ni mpira wa vumbi uliopasuka. Maji na mchanga huingia, grisi hukauka, na kutu hushika pini. Adui wa pili hutoka gereji yenyewe, nayo ni grisi isiyofaa. Grisi ya kawaida inayopakwa kwenye beringi za magurudumu hutokana na petroli, na mipira mingi ya breki huvimba inapoguswa nayo. Bushi iliyovimba huibana pini ndani ya tundu. Hivyo fundi aliyekusudia kulainisha huwa amefunga, na dalili hujitokeza baada ya majuma, wakati gari limekwisha kuondoka.

Hatari kwenye mteremko

Gari lenye uzito wa kilo 1,300 linaposhuka mita 1,000 kwa mwendo usiobadilika, hulazimika kutoa nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 38 za maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 100. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo na injini, hasa dereva akitumia gia ndogo. Inayobaki hugeuka joto kwenye breki. Kalipa iliyokwama huongeza joto lake hata pale breki isipokanyagwa.

Mafuta ya breki nayo yana kikomo. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, na kikomo hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka, mvuke hujaa katika mabomba, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, kanyagio hufika sakafuni, na gari halisimami. Katika teksi ya abiria, kasoro iliyoanzia kwenye pini isiyozidi unene wa kidole huwa imeyafikia maisha ya watu wote waliomo.

Je, bushi za chuma ni bora?

Kwa wanaoendesha magari ya mashindano, bushi za mpira hubadilishwa kwa bushi za shaba nyeupe, shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Faida yake ni ya kweli: chuma hakipindi kama mpira, kalipa hukaa sawa, na pedi huliwa kwa usawa zaidi.

Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. Bushi za chuma huweza kutoa kelele kwenye barabara mbovu, na huhitaji kusafishwa na kupakwa grisi mara kwa mara. Baadhi yake hufungwa bila mpira wa vumbi. Katika barabara ya lami iliyo safi hilo ni jambo dogo, lakini katika barabara ya vumbi mchanga utaingia na pini itakwama upya. Bushi iliyokerezwa kwa kukisia, ikawa kubwa au ndogo kuliko kipimo, ni hatari kuliko ile ya zamani. Na kwa gari ambalo pini yake hutelezea moja kwa moja ndani ya chuma, hakuna bushi ya kubadilisha. Kulitoboa tundu ili kuipachika ni kuidhoofisha breki.

Kwa gari la kawaida, maboresho yenye manufaa ni ya unyenyekevu zaidi: pini mpya, bushi mpya za kipimo cha gari hilo, mipira mipya ya vumbi, na grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Vifaa hivi huuzwa pamoja kama seti, na ni vidogo kuliko pedi zenyewe.

Mambo ya kukagua

Dalili za mwanzo ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko jingine, harufu ya kuungua, gari kuvuta upande mmoja, au matumizi ya mafuta kuongezeka. Fundi anapofungua gurudumu, mwenye gari aombe kuonyeshwa pedi zote mbili. Tofauti ndogo ya unene ni ya kawaida; tofauti ya milimita 2 hadi 3 yahitaji maelezo. Pedi iliyobakiwa na milimita 3 imefikia wakati wa kubadilishwa, pamoja na ile ya gurudumu la upande wa pili.

Pini isukumwe kwa mkono: inapaswa kwenda na kurudi kwa ulaini. Isafishwe bila kuitia mipira petroli, ipakwe grisi kiasi, kwa kuwa grisi ikizidi hufungia hewa ndani na kuisukuma pini nje. Pini mbili zisibadilishane nafasi, kwani mara nyingi hazifanani. Kalipa isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Na kabla ya gari kuondoka, breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu.

Kazi hiyo haichukui muda mrefu pedi zinapobadilishwa, kwa maana kalipa huwa imekwisha kufunguliwa. Anayeiruka huokoa dakika chache gereji, na deni lake hulipwa mlimani.