Mama hasemi uongo, swali ndilo baya

Tuchukue muuguzi anayetafiti malaria kali ya watoto huko Vanga. Dodoso lake limetafsiriwa kutoka Kiingereza: 'Je, mtoto amewahi kuugua malaria?' Mama anajibu, 'La.' Wiki ya pili anaulizwa tena, ni la ileile. Wanataaluma wengi huita sifa hii uaminifu. Mimi napendelea uthabiti, maana 'uaminifu' humfanya msomaji adhani tunapima ukweli wa mama.

Kasoro iko kwenye uhalali: je, swali linapima kile kinachokusudiwa? Pwani, mtoto mwenye homa akikakamaa na kutetemeka, wengi husema ana dege, au nyuni. Maneno yote mawili ni ya ndege wa angani, na ugonjwa wenyewe huhusishwa na mashetani, si mbu. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa 1996 ulikuta hivyo kuhusu degedege: watu hawakuuhusisha na malaria, na mganga ndiye aliyetangulia kuendewa. Basi mama atajibu 'la' mara mia, thabiti kabisa, na mtoto aliyeponea chupuchupu asihesabiwe.

Ati dawa ni tafsiri rejeshi, ile aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970? Hapa haisaidii kitu. 'Malaria' itarudi kwenye Kiingereza 'malaria', safi bila doa! Muuguzi akae kwanza na kina mama wasemao Kivumba na Kidigo, asikie wao wanauitaje, kisha aulize: 'Mtoto aliwahi kushikwa na dege?' Na kwa kuwa si kila dege ni malaria, daftari la kipimo cha damu lifunguliwe kando ya jibu hilo.