Javadoc: Chombo kinachokusanya maelezo ya programu za kompyuta

MTAALAMU aliyeandika programu ya kompyuta anapohama kazi, huondoka na maarifa yake. Anayempokea hukuta maelfu ya mistari asiyojua sababu yake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika programu za tiba. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umeandikwa kwa lugha ya Java na kuendelezwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Asiyeelewa sehemu moja aweza kuvuruga taarifa za mgonjwa.

Dawa mojawapo ni Javadoc, chombo kinachotolewa pamoja na Java. Mwandishi huweka maelezo juu ya kila sehemu ya programu, akianza kwa alama ya mkwaju na nyota mbili (/**). Neno @param hutangulia maelezo ya kinachoingia, na @return ya kinachotoka. Javadoc huyakusanya yote na kutoa kurasa zinazosomeka kama tovuti.

Hata hivyo, chombo hicho hakibuni maelezo, wala hakijui kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Anayebadili programu hana budi kubadili na maelezo yake papo hapo. Vinginevyo, kurasa hizo zitampotosha anayezitegemea.